Chuma Kinachopiga Hodi

Ukifika Quitunda ukauliza nyumba ya Aiuba, watakuuliza kwanza: Aiuba wa majembe au Aiuba wa magitaa? Usihangaike kuchagua. Ni mtu mmoja, baraza moja, na jiliwa moja.

Hilo jiliwa, chombo chake cha kubania chuma, nalo lina heshima yake. Familia zilipohamishwa kutoka kwenye ardhi ya mradi wa gesi, watu walipakia vitanda, milango, hata kuku. Aiuba alipakia jiliwa kwanza, akalikalia njia nzima. Mkewe, Saquina, akamwuliza kama na yeye atapata pa kukaa. "Kaa upande huu," akajibiwa, "ila usilisukume." Leo limefungwa kwenye gogo la mkorosho, barazani pa nyumba yao ya bloki, na chuma chochote kinachovunjika kutoka hapo mpaka Namoto hatimaye kitabanwa katika taya zake.

Magitaa aliyaleta Abílio. Huyu ni Mmakonde wa Mueda, fundi wa umeme, na kazi ikiisha ni mpiga gitaa: kanisani, harusini, popote penye jenereta. Yeye na Aiuba wanataniana tangu walipojuana. Siku moja alifika na gitaa lake jekundu mgongoni, uso umemshuka.

"Mtani, nyie watu wa pwani mna chumvi hadi kwenye hewa. Tazama ilivyonifanya."

"Chumvi ni yetu, kutu umejiletea. Lete nione."

Gitaa lile ni la umeme, lenye mkono wa chuma. Ukiukandamiza mkono, nyuzi hulegea na sauti hushuka kama mtu anayeteleza kwenye tope. Ukiuachia, sauti hupanda kurudi pale pale. Lakini ili irudi pale pale, kila uzi lazima ubanwe kisawasawa kwenye daraja, yaani lile bati la chuma tumboni mwa gitaa. Kwenye bati la Abílio kila uzi ulikuwa na kifungo chake na skrubu yake ndogo, ya kukazwa kwa kijifunguo cha pembe sita. Skrubu zilikuwa zimeliwa na kutu. Kijifunguo kilikuwa kimepotea zamani.

Aiuba akalifungua bati, akaligeuza. Chini palikuwa na maandishi yaliyogongwa kwenye chuma. Akayafuata kwa kidole mpaka kwenye neno licensed.

"Neno hili nalijua. Licença."

"Hicho Kiingereza, mtani."

"Kiingereza na Kireno ni watoto wa shangazi. Mimi nakwambia chuma hiki kinasema com licença. Kinapiga hodi."

Na kwetu, mnajua wenyewe, anayesimama mlangoni akasema hodi na anayesema dá licença, yaani nipe ruhusa, wote wanangoja neno moja, karibu. Abílio alicheka mpaka akashika nguzo. "Chuma kipige hodi kwa nani?"

"Hilo ndilo sijui," Aiuba akasema, naye hakuwa akicheka.

Alitengeneza daraja jipya kwa kipande cha shafti ya boti, chuma kisichojua kutu, akaiga kila kifungo kama kilivyokuwa. Gitaa likalia vizuri. Abílio, ambaye habari njema haimkai mdomoni, akalipeleka Pemba kwa Dona Isabel. Mama huyo ana karakana ya kuunda magitaa, na bendi humwagizia kutoka mbali, hata Afrika Kusini. Baadaye akapiga simu, na sauti yake ikasikika baraza zima.

"Mestre Aiuba, kazi yako nimeipenda. Lakini siwezi kuichukua."

"Ina kasoro, dona?"

"Ingekuwa kasoro ingerekebishika. Tatizo ni kwamba kifungo hiki ni cha mtu. Kina patente, maana yake aliyekibuni ana haki nacho. Wengine wanaokitengeneza wamemwomba ruhusa wakapewa, ndiyo maana wanagonga lile neno chini ya bati. Wewe hukuomba."

Aiuba akaliokota bati la zamani, akaligeuza. "Kwa hiyo kweli kilikuwa kinapiga hodi."

"Unasemaje, mestre?"

"Nasema nimeingia nyumba ya watu bila hodi, dona. Niwie radhi."

Kule Pemba mama akacheka, kisha akasema kwa upole: "Tafuta njia yako mwenyewe ya kubana uzi. Ukiipata itakuwa yako, na mwenye kupiga hodi nitakuwa mimi."

Maneno hayo yalimwingia Aiuba kuliko sifa yoyote aliyowahi kupewa. Maisha yake yote alikuwa ametengeneza vitu vilivyobuniwa na wengine. Sasa akataka kitu kimoja tu, ambacho mtu akikigeuza aone kimetoka kwake.

Abílio alimpa njia ya mkato. "Ligonge na wewe lile neno. Nani atauliza?"

"Mtani, mtu anayeiba hodi ya mwenzake ni mwizi mwenye adabu tu."

Akaanza. Skrubu alizitupa kabisa. Akawaza kabari: uzi upite kwenye tundu linalokwenda likijifinya, pamoja na kijikabari cha chuma, ili uzi ukivuta uivute na kabari, na kadiri unavyovuta ndivyo inavyobana. Akachonga kabari fupi nene, akaweka nyuzi, akamwita Abílio. Nyuzi zilishika. Abílio akaukandamiza mkono, nyuzi zikalegea, kabari zikachomoka na kuruka mpaka kwenye sufuria la Saquina.

"Mchuzi umepata gitaa," Saquina akasema, akiokota na kijiko. "Nyinyi mnapika nini huko?"

Aiuba akachonga nyingine, fupi nene vile vile, na nyingine. Uzi ukivutwa, zilikaza. Ukilegezwa, zilitoka. Abílio akaacha kutania, na hapo ndipo Aiuba alipoona hali ni mbaya.

Asubuhi moja alimfuata Saquina shambani. Jembe la mkewe lilikuwa limeanza kucheza kwenye mpini. Saquina akaligeuza, akagonga kitako cha mpini juu ya jiwe, tap, tap, akaendelea kulima. Aiuba akasimama akitazama jembe likishuka na kupanda.

"Mke wangu, likipiga chini linajikaza, hilo naliona. Mbona ukiliinua halidondoki?"

Saquina akamtazama kama mtu anayeulizwa kwa nini maji ni maji. "Wewe si ndiye unayeyatengeneza? Mkia wake unaoingia mpinini ni mrefu, mwembamba. Ungekuwa mfupi mnene kama hizo takataka zako za kwenye mchuzi, lingeniangukia kisogoni."

Aiuba alikwisha kuondoka, na jembe akaondoka nalo.

Kabari alizochonga safari hii zilikuwa ndefu, nyembamba kama miiba ya samaki, na tundu zake vivyo hivyo. Abílio akafunga gitaa, akapiga, akaukandamiza mkono mpaka nyuzi zikalala kama kamba za kuanikia nguo. Akauachia. Sauti ikapanda, ikarudi pale pale. Akarudia kwa hasira, kama anayetaka kulivunja. Pale pale. Ukitaka kubadilisha uzi, unaigonga kabari kwa mbele kwa kipande cha mti, basi. Hakuna skrubu ya kuliwa na chumvi wala kijifunguo cha kupotea.

"Mtani," Abílio akasema polepole, "leo sina la kukutania."

Daraja likaenda Pemba. Ukimya ukafuata, ule unaomfanya mtu asugue chuma kilichokwisha kung'aa. Kisha siku moja gari likasimama nje, na mwanamke mwenye miwani akaja mpaka ukingo wa baraza.

"Dá licença?"

"Karibu, pita, pita," Aiuba akasema bila kuinua kichwa kwenye jiliwa.

Mgeni akacheka. "Umeshanipa? Sikujua ni rahisi hivi. Mimi ni Isabel. Wajuzi wa patente wametafuta kila mahali, na kifungo chako hakina mwenyewe ila wewe. Nimekuja kukuomba ruhusa nikitengeneze."

Saquina akatoka ndani, mikono ina unga. "Ngoja kwanza, dona. Amekukaribisha barazani. Kwenye chuma bado."

Wakaketi, wakala, wakazungumza mpaka wakaelewana, na haki ikaandikishwa kwa jina lake. Sharti la Aiuba lilikuwa dogo: kila daraja ligongwe chini maneno kwa licença ya Aiuba, Quitunda, na pembeni picha ya jembe.

La kwanza lililotoka Pemba alifungiwa Abílio. Kabla ya kulipiga akaligeuza, akayasoma maandishi kwa sauti, majirani wasikie.

"Haya, mtani. Sasa chuma hiki kinapiga hodi kwa nani?"

Aiuba akajinyoosha, akafuta mikono kwa kitambaa bila haraka. "Kwangu."

"Kwetu," Saquina akasahihisha kutoka ndani. "Jembe lilikuwa langu, na mpaka leo hujalirudisha."