Mbwa Aliyekula Kamba Yake

Ninyi vijana mtakaosoma haya, mkiniona nafoka mtu anapomfunga mnyama ovyo, mnasema bibi ana kisirani. Sawa. Kisirani hicho nilikipata kwa mbwa.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza. Mwanangwa, mkuu wa kijiji chetu, alileta agizo kutoka Tabora mjini: kichaa cha mbwa kimeingia, kila mwenye mbwa ampeleke akaangaliwe na kuvishwa kibati, na awe kwenye kamba. Mbwa asiye na kamba atapigwa risasi hapohapo.

Sisi tulikuwa na mmoja, mwekundu, mbavu nje. Babu yenu alimwita mbwa wake, lakini aliyemhitaji ni mimi. Nguruwe mwitu wakiingia kwenye mahindi hawabakizi bua, na babu yenu akilala, amelala. Bila mbwa yule watoto wangu wangekula majani.

Tatizo, hakuwahi kufungwa tangu azaliwe. Babu yenu akamfunga kwa ukanda wa ngozi, ule wa kufungia fahali. Mbwa akalala chini, akanyoosha miguu yote minne, akafumba macho.

"Amekufa," akasema babu yenu.

"Hajafa. Umemtwika ng'ombe mzima shingoni. Hebu toa!"

Nikasema nitasokota kamba nyepesi. Nikachuna gome la ndani la mti wa porini, nikalichana nyuzi nyembamba za kulowekwa zilainike. Maji siku zile tuliyafuata mbali. Chungu ambacho babu yenu alikamulia asali kilikuwa na maji ya kusuuzia, nikatumbukiza nyuzi humo, nikajisifu kwamba sipotezi kitu. Asubuhi nikasokota pajani, nikasuka tatu tatu, kitanzi huku, fundo kule. Nyepesi kama unyasi! Mbwa akavaa bila ubishi. Akaigeukia, akainusa. Nikadhani ameipenda.

Na kweli aliipenda.

Tukaifuata ile njia ya zamani ya wapagazi, mbwa kainamisha kichwa upande, mdomo una kazi. "Tazama adabu yake," nikamwambia babu yenu. Mjini tukapanga foleni na wenzetu. Mbele Mzungu kakaa mezani chini ya turubai, pembeni yake askari na bunduki. Zamu yetu ilipokaribia nikavuta kamba. Ikaja yenyewe. Mkononi nilikuwa na fundo na kipande cha shubiri moja, na mbwa alikuwa anameza.

Askari akaona. Alikuwa Mzaramo, na Wazaramo ni watani wetu tangu babu zetu walipobeba pembe mpaka pwani.

"Ninyi ndio Wanyamwezi wa kubeba mizigo? Hata kamba ya mbwa imewashinda kufikisha mjini! Kwani huyu nyumbani mnamlisha nini?"

"Wazaramo," akajibu babu yenu. "Tumeishiwa."

Foleni nzima ikacheka. Kisha askari akaniinamia. "Mama, yule Bwana akiinua macho akakuta mbwa hana kamba, mimi lazima nifyatue."

Kicheko kikanikauka. Nikamkumbatia mbwa shingoni. "Mkono si kamba, mama," akasema. Nikavua kitambaa cha kichwani, nikakaza fundo, kikararuka. Kilikuwa kimechoka kuliko mimi. Askari akamtazama babu yenu kiunoni. Kaptura yake niliitilia kamba ya uzi wa pamba, niliyoisuka mwenyewe.

"Ndugu yangu, lete hiyo."

"Hii? Mbele za watu? Bora mbwa afe!"

Ningekuwa na bunduki mimi, asingekufa mbwa.

"Mtani haombi," akasema askari, na kwa mvuto mmoja akaichomoa. Desturi mnaijua: mtani akikuchukulia kitu, ukikasirika umeshindwa. Babu yenu akashikilia kaptura kwa mikono miwili. Nikamfunga mbwa haraka, na Mzungu akainua macho.

"Huyu mgonjwa?"

"Hapana, Bwana," akasema askari. "Mbwa mzima kabisa."

"Siulizi mbwa."

Tulipata kibati. Kurudi, mbwa alitembea kama hana kitu shingoni, wala hakuitafuna kamba ile. Haikuwa na asali. Ilikuwa na jasho la babu yenu tu. Yeye alitembea nyuma yetu, mikono palepale, hatua ndogo ndogo, akiitikia shikamoo za watoto bila kupunga mkono.

Tulipofika akanyoosha kiganja, mkono mmoja tu. "Haya, nirudishie kamba yangu."

Agizo lilikuwa mbwa wasiachwe huru mpaka ugonjwa uishe, na nguruwe mwitu hawakuwa na habari na ugonjwa. Nikawaita watoto wote, nikasema mbele yake: "Mbwa atafungwa kwa kamba hii hii, pembeni mwa mahindi, kila jioni. Asiiguse mtu yeyote. Na baba yenu atavaa msuli."