Mwanga Ndani ya Pikapu ya Kaijage

Watu wa Ngenge wanamjua Rosalina kwa mambo mawili: migomba yake haina majani makavu, na yeye hasemi neno mara mbili. Kwa hiyo Audax, mtoto wa shemeji yake, hakubisha alipoambiwa asimamishe pikapu Rwamishenye kwa fundi wa umeme wa magari.

"Kesho tunamchukua mzee hospitalini," alisema Rosalina. "Nataka taa huku nyuma."

Mzee ndiye Kaijage, mume wake. Madaktari wa Bukoba walikuwa wamemwita Rosalina pembeni, wakamwambia kwa upole kwamba dawa zimefika mwisho, afadhali mgonjwa akapumzikie nyumbani. Mhaya akiambiwa hivyo haulizi maana yake. Anaulizia gari.

Gari walikuwa nalo. Kaijage alilinunua kwa kahawa ya miaka mingi, na nyuma akalifunika mwenyewe kwa bati, juu na pande zote, bila dirisha hata moja, ili mvua isiguse magunia wala mkono wa mwizi usipenye. Ukifunga mlango wa nyuma saa sita mchana, humo ndani ni usiku. Lilibeba kahawa, likabeba ndizi, na kwa kuwa siku hizo kijijini hapakuwa na gari jingine, likabeba wajawazito, wagonjwa na maiti. Na mwaka mmoja likambeba Paulo.

Paulo alikuwa kitinda mimba wao. Malaria ilimmaliza hospitalini, bado hajabadilisha meno. Kaijage alishika usukani. Nani mwingine angeushika? Rosalina alikaa nyuma, mtoto mapajani, amefungwa shuka. Gizani. Kila mara gari lilipoingia shimoni mwili ulitikisika, na mama akadhani mtoto amepumua. Akampapasa pua. Akampapasa kifua. Toka Bukoba hadi Ngenge akawa anafiwa upya kila shimo. Hakumwambia mtu, na Kaijage hakuuliza.

Fundi Buberwa alikuwa mtu wa maneno mengi. Wateja wake wakubwa walikuwa wachuuzi wanaopokea samaki kutoka visiwa vya Muleba.

"Ma Rosalina, waitu, mama yetu, hapa umefika! Nina taa za LED za mkanda, unabandika tu. Bluu, nyekundu, kijani. Jamaa wa sangara wanapenda bluu. Samaki anaonekana kama ametoka ziwani sasa hivi."

"Hata akiwa amevuliwa juzi?"

"Hasa akiwa amevuliwa juzi!"

Audax alicheka. Rosalina aliingiza mkono chini ya ule mwanga wa bluu, akautazama. Ulikuwa mkono wa maiti. Akawashiwa nyeupe kali. Ukawa mkono wa mgonjwa wa wodini.

"Nyingine."

Buberwa alijikuna kichwa, akachomoa mkanda mmoja uliojaa vumbi. "Hii ya njano njano haina mnunuzi. Inafanana na moto wa kuni."

Chini ya mwanga huo Rosalina aliona mishipa yake, akaona kovu la kisu cha kumenyea ndizi, na wekundu wa damu chini ya kucha.

"Hii hii," alisema.

Fundi akasugua vyuma vya darini kwa kitambaa chenye petroli, akabandika mkanda pande mbili, akatoboa tundu pembeni na kulivika mpira ili bati lisikate waya. Waya akaupitisha chini ya gari mpaka kwenye betri, na fyuzi yake. Kisha akafungua mlango wa nyuma, na tumbo lote la gari likang'aa. Rosalina alifungua fundo la kanga, akampa kahawa ya kutafuna, kama anavyopewa mtu aliyekutendea jambo la heshima.

Kesho yake wauguzi walimlaza Kaijage kwenye godoro mle ndani. Akatazama juu.

"Mama Paulo," alisema, maana hakuacha kumwita hivyo, "mbona umeniwekea arusi humu?"

Rosalina akaketi karibu na kichwa chake. Audax akafunga mlango.

Giza.

Gari likaondoka. Kwenye shimo la kwanza mwili wa Kaijage ulitikisika, na mkono wa Rosalina ukakimbilia pua yake kabla hajautuma. Ndipo akaanza kupiga bati kwa ngumi zote mbili. "Simama! Audax, simama!"

Audax akaja mbio, akafungua. Taa zikawaka. Akafunga, zikazimika. Akafungua, zikawaka.

"Fundi wenu amefunga taa ya samaki," alisema Kaijage kwa sauti ndogo. Alikuwa dereva, hakuhitaji kuinuka ili aelewe. "Swichi iko mlangoni. Inawaka wakati wa kupakia. Sangara akishapakiwa, anataka kuona nini tena?"

"Mama mkubwa," alisema Audax, "daktari amesema mzee asikae sana njiani. Twende hivi hivi tu."

"Nilishakaa humu gizani mara moja," alisema Rosalina.

Kaijage aligeuza kichwa. "Na Paulo?"

"Na Paulo. Nilimpapasa njia nzima nikidhani anapumua."

Mzee akamwambia Audax, "Pita kwa fundi. Rwamishenye ni njiani. Mwambie nitamsubiri."

Rosalina alijua mume wake hasemi juu ya fundi peke yake; alikuwa akiahidi kutokufa gizani.

Buberwa alikuja na utani wake mdomoni, akafungua mlango, akaona mtu amelala. Akavua kofia. "Mama, nisamehe. Nilidhani taa ni ya mzigo."

"Ni mzigo," alisema Kaijage. "Ila huu una macho."

Fundi aliitoa swichi ya mlangoni, akafunga nyingine ndani, mahali ambapo mkono wa Rosalina ungefika akiwa ameketi. Safari hii mlango ulipofungwa, mwanga ulibaki.

Wakaenda. Kaijage hakuona nje, lakini kila kona aliijua kwa mgongo. "Kemondo hapa." Kisha, "Muhutwe." Gari lilipoanza kuguna akasema, "Sasa tunapanda Kamachumu. Masikio yameziba." Aliomba kahawa. Kutafuna hakuweza tena, basi Rosalina akamwekea punje moja mdomoni aisikie harufu.

"Mama Paulo, umezeeka."

"Wewe umejiona?"

Alitabasamu. Akamtazama sana, kama mtu anayesoma mahali alipoishia jana. "Mimi siku ile nilikuwa naona njia," alisema. "Nikadhani sote tunaona."

Hakusema tena. Baada ya Kamachumu, gari likiteremka, Rosalina aliona kifua chake kikipanda na kushuka, kikapanda, kikashuka, kikatulia. Gari likaingia shimoni, mwili ukatikisika. Hakumpapasa. Alikuwa ameona. Akamfumba macho kwa kidole gumba, polepole, moja kisha la pili.

Bati alikuwa nalo mgongoni, na hakulipiga. Angelia pale, Audax angesimama, watu wa kijiji kingine wangekusanyika, na Kaijage angehesabiwa kuwa mtu aliyefia barabarani. Alichukua kanga yake, akaiuma kati ya meno asilie. Akakaa hivyo, chini ya mwanga wa njano, akimtazama mpaka Ngenge.

Audax alifungua mlango kwenye jua la alasiri. Majirani walikuwa wamejaa kando ya migomba, wanawake mbele, wakiita, "Karibu nyumbani, mzee!" Audax akanyoosha mkono kuzima taa, isimalize betri.

"Iache," alisema Rosalina. "Ita wanaume kwanza."

Audax akamtazama usoni, kisha akamtazama baba yake mkubwa, akaelewa. Rosalina alitoa kanga mdomoni, akajifunga nayo kiunoni, akashuka. Miguu yake ilipokanyaga udongo wa kibanja cha Kaijage, ndipo alipofungua kinywa akalia.