Mzee Pua na Mikahawa Yenye Viti Vilevile

Mtaani kwao walimwita Mzee Pua, ingawa pua yake ilikuwa ndogo tu. Alikaanga na kuuza kahawa maisha yake yote. Buni zikiiva aliinua uso, akanusa mara moja, akaepua, na hakuna aliyekumbuka siku aliyounguza. Kisha homa ikamlaza, na alipoinuka aliikuta dunia imeoshwa: sabuni, moshi, mvua, kahawa, vyote havina harufu. Hakumwambia mtu. Jina lake mwenyewe likawa linamchoma kila alipoitwa.

Hata kabla hajashika tena kikaango, binti yake, aliyekuwa dobi wa hospitali ng'ambo, alimwalika akapate nafuu kwake. Mzee alikubali upesi kuliko kawaida yake. Alishasikia kwamba mji ule umejaa mikahawa ya kampuni moja, kila pembe tawi. Akaapa moyoni kwamba ataingia matawi yote. Kahawa nyingi kiasi hicho itashindwaje kuamsha pua moja? Ikishindwa, basi, atatundika kikaango.

Akaanza. Tawi la stesheni, la jirani na benki, la kando ya mto, la ndani ya duka la vitabu. Aliagiza kwa kidole. Aliinamia kikombe mpaka mvuke ukamlowesha nyusi, akafumba macho, akangoja. Ilikuwa kama kunusa kioo.

Viti vilikuwa vilevile, taa zilezile, na wimbo uleule wa taratibu usio na mwisho. Ikafika mahali akahisi kwamba hatembei tena. Amekaa katika chumba kimoja tu, na ni mji unaopita dirishani: leo mto, kesho treni, keshokutwa watoto wa shule wenye makoti mekundu. Aliwawaza waliolea miti ya kahawa milimani, kila mmoja na udongo wake, kila mmoja na mvua yake, halafu jasho lao lote linamiminwa katika kikombe kimoja kisicho na kwao. Hasira ikampanda, kisha ikayeyuka ndani ya wimbo ule.

"Baba, umeoa huko mikahawani?" binti alimuuliza jioni moja. "Au kuna mama muuza keki?"

"Keki zao ni sukari tupu."

"Hujanijibu."

"Nawe huna mashuka ya kufua?"

Tawi la mwisho lilikuwa juu ya kilima, ukuta mzima kioo, mawingu yakipita karibu na meza. Siku hiyo binti alikuwa na mapumziko, wakaenda pamoja. Mzee alinusa kikombe chake. Akanusa cha binti. Akamwomba mhudumu buni chache, akazisugua viganjani, akazileta puani. Kisha akaziweka mezani mojamoja, kama mtu anayerudisha vitu vya watu.

"Pua imekufa, mwanangu. Tangu homa. Nikirudi natundika kikaango."

Binti alimshika mkono, kisha akampigia simu mama yake nyumbani na kumpa.

"Mama Watoto," mzee alisema, "wateja wamekukimbia?"

"Wakimbilie wapi? Hata sasa nakaanga."

"Nani anakunusia?"

"Aninusie nani, bwana we? Miaka yote niko nyuma ya ukuta naosha vikombe, moshi umenijaa puani. Mimi nasikiliza. Buni zinalia, zinanyamaza, halafu zinalia tena kwa sauti nyembamba. Hapo unaepua. Kwani wewe hukuwa unasikia?"

Mzee hakuwa amewahi kusikia.

"Pua yangu imelala, mke wangu."

"Najua. Ulikunywa maziwa yaliyochacha, bilauri nzima, ukanishukuru. Nisijue?" Akakohoa kidogo. "Tega sikio. Niambie wewe niepue lini."

Akaziba sikio la pili. Wimbo wa mkahawa ukasogea mbali, viti na taa vikasogea, akabaki na mwiko unaokwaruza chuma. Kisha buni zikaanza, kama mvua ya kwanza juu ya bati. Zikanyamaza. Akangoja, pumzi ameibana, binti akimtazama. Kitu kikalia, chembamba, mbali sana. Akataka kuwa na hakika, akasikiliza tena.

"Epua," alisema.

"Umechelewa. Hizi utakunywa mwenyewe."

Mzee Pua akakandamiza simu sikioni.

"Basi tia nyingine," alisema.