Msamaha wa Mgeni Rasmi

Ilikuwa miaka ya ruksa. Mitumba ruksa, video ruksa, soda za kila rangi ruksa. Shuleni kwetu Dodoma kitu kimoja tu hakikuwa ruksa: msichana kukataa kumfulia nguo mwalimu wa nidhamu. Rafiki yangu, niliyekaa naye dawati moja, alikataa. Akafukuzwa shule huku mtihani wa kidato cha nne ukibisha hodi, eti utovu wa nidhamu.

Mwalimu huyohuyo ndiye aliyetufundisha mchezo wa siku ya wazazi, tamthilia ya kale ya hakimu katili na dada anayemwombea kaka yake asinyongwe. Nafasi ya hakimu aliichukua mwenyewe, na wala sikumwona akihangaika kuizoea. Nafasi ya dada ilikuwa ya rafiki yangu. Alipofukuzwa nikapewa mimi.

Mazoezini alitusisitizia jambo moja kuliko yote: marufuku kumpa mgongo mgeni rasmi. Basi siku ilipofika nikapiga magoti nikiwa nimemwelekea mgeni rasmi, hakimu kaachwa nyuma yangu huko. Nikalia kwelikweli, maana moyoni nilikuwa namlilia rafiki yangu.

Mkubwa yule, aliyezoea kusomewa risala na kuombwa kila anapoalikwa, akaweka soda yake chini, akasimama.

"Inuka, mwanangu. Kaka yako nimemsamehe. Aachiwe leo hii!"

Ukumbi mzima makofi. Hakimu wetu, aliyekuwa bado na kurasa nzima za ukatili mkononi, akainama hadi kiunoni. "Ahsante sana, mheshimiwa." Mchezo ukaishia hapo.

Mimi sikuinuka. Nikaona, kama bomba la huruma limefunguliwa, basi na sisi tukinge.

"Shikamoo, mheshimiwa. Kuna mwenzetu mwingine, huyu ni wa kweli. Amefukuzwa kwa kukataa kumfulia mwalimu. Naomba arudi afanye mtihani."

Makofi yakakatika. Mgeni rasmi akamtazama mkuu wa shule, kisha akaitazama saa yake.

"Hilo, binti, lina taratibu zake. Azifuate."

Hasira ya siku ile sijaimaliza mpaka leo. Kaka ambaye hakuwahi kuzaliwa kaponyoka kitanzi papo hapo, kwa makofi! Jumatatu nikamsindikiza rafiki yangu kutoka kwao Miyuji, kavaa sare aliyoipiga pasi vizuri, kwenda kuzifuata hizo taratibu. Karani wa shule alitupokea kwa upole, akatuelekeza: rufaa zote anazisikiliza mwalimu wa nidhamu.