Waliokula Sufuria Moja

Oketcho alifika Busia akitokea Mwello, kwa wazazi wakulima, kuja kupakua magunia ya vitunguu kwenye malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Aliyemgundua ni Mzee Nasifu, msafirishaji ambaye ghala lake likiwa tupu huligeuza ukumbi wa ndondi. Nasifu alimfunga viganja bendeji za ndondi kwa mikono yake mwenyewe, akampa pa kulala kwake, akamlisha pamoja na mwanawe Faruk.

Nyumba hiyo ilikuwa na sheria moja, na Nasifu aliikumbusha kila vijana walipoanza kukunjiana uso mazoezini: waliokula sufuria moja hawapigani ulingoni. Wawili wakiwa na uzani mmoja, mmoja anapisha. Oketcho aliishika sheria hiyo kuliko katekisimu ya kwao. Mkristo mzima, Ramadhani ikiingia alifunga nao, akapiga gunia la mazoezi koo limekauka, na Mama Zulaika, mke wa Nasifu, akampakulia futari kabla ya Faruk. Akawa bingwa wa taifa wa ridhaa, uzani mwepesi, kisha akautetea ubingwa wake. Mjini walimwita mtoto wa Nasifu, na jina hilo lilimnogea kuliko medali.

Mwaka huu timu ya taifa ilichaguliwa Tororo. Mshindi wa kila uzani angepanda ndege kwenda kupigana ng'ambo, na Oketcho hakutaka kitu kingine duniani. Siku chache kabla, aliumia ubavu wa kushoto. Hakuna aliyejua ila watu wa nyumba ile. Zulaika alimkanda kwa maji ya moto, Faruk akishika beseni. Faruk naye alikuwa ameshafikia uzani uleule, ila Nasifu alisema, "Wewe usiogope. Faruk anapisha."

Kikulacho ki nguoni mwako. Siku ya kupimwa, Faruk alipanda mizani akiwa na fulana ya klabu nyingine, hata salamu hakutoa. Wakakutana fainali. Na kwenye kona ya Faruk, taulo begani, alikaa Nasifu.

Haya, uchungu wa mwana aujuaye mzazi, hilo Oketcho angeweza kulimeza. Raundi ya pili Faruk aliacha kidevu wazi, kosa lake la siku zote. Oketcho aliliona vizuri sana. Mkono ukakataa kwenda. Papo hapo akasikia sauti iliyomfundisha ngumi ikipaa kutoka kona ile:

"Ubavu! Piga ubavu ya kushoto!"

Faruk alipiga hapo, akarudia hapo hapo, mpaka Oketcho akaenda chini na mwamuzi akamaliza kuhesabu.

Baadaye Nasifu alimfuata chumba cha kuvalia. Oketcho alikuwa anafungua bendeji, ambazo safari hii alijifunga mwenyewe, vibaya.

"Kijana yangu, mbona haukupiga? Faruk aliacha kidevu wazi kabisa."

"Tulikula sufuria moja, Mzee. Si wewe ulisema?"

Nasifu akacheka kidogo, akitazama pembeni. "Ah, Oketcho. Ile ilikuwa maneno ya kutuliza watoto tu."

Oketcho aliinua uso. Ubavu ulimuuma, lakini si huo uliomtoa machozi.

"Na mimi nilikuwa nani, Mzee?"