Mwendo wa Mguu Wangu wa Kushoto

Jumapili, katikati ya Julai. Rasharasha tangu alfajiri, kisha jua la kujificha. Upepo wa kusi wapiga milango.

Mjukuu wangu alikuwa kibarazani akiziba pancha, na harufu ya gundi ikapanda ngazi hadi chumbani mwangu. Nikaiacha chai ikapoa. Mimi si mtu wa kuandika. Shule yangu iliishia standadi ya nne, na mara nyingi nikisoma niliyoyaandika jana naona kama nimetia chumvi. Lakini harufu ile ni ile ile ya duka la Mjomba Athmani, aliyekuwa akikodisha baiskeli Kibokoni, hapa Mombasa, mwaka wa sitini na tano, au labda sitini na sita. Msinishike kwa mwaka.

Wakati huo nyumba ya Bi Zuhura, jirani yetu mjane, iliungua. Jiko la mafuta ya taa lilipinduka, moto ukashika pazia, pazia likashika boriti. Watu walitoka salama, ila vyombo vyote viliteketea, na yeye na wanawe wakawa wanalala kwa watu. Maalim wetu wa chuo cha Kurani akaja na shauri ambalo watu walilicheka kwanza: kila mwenye baiskeli, au awezaye kukodi, azunguke mji na kapu mbele, na wenye kutoa watie walicho nacho. Mchele, shuka, sufuria, chochote. Awezaye kuendesha aendeshe, asiyeweza apakiwe. Na kweli watu walikuja wa kila namna, hata mzee mmoja asiyeona alipakiwa nyuma, kazi yake kupiga kengele ya mkono.

Mimi nilikuwa na miaka tisa hivi. Mguu wangu wa kushoto ulipooza kwa homa nikiwa bado nanyonya, ukabaki mwembamba kama mwiko. Mjomba alikuwa amenifundisha baiskeli ndogo uani kwake, akiufunga mguu ule kwenye pedali kwa kipande cha tyubu usiteleze, na wa kulia ukifanya kazi ya yote miwili. Nilitaka kuimaliza njia nzima nikikanyaga mwenyewe, nisipakiwe. Sijui kama niliwahi kutaka kitu vile tena maishani.

Bibi, aliyenilea, hakutaka kusikia.

"Athmani mwanangu, mtoto yuwaenda kutiwa vinywani mwa watu. Wamcheke, arudi akilia, kisha nani wa kumbembeleza? Ni mimi."

"Akichoka nitampakia, mama."

"Na asipochoka?"

Mjomba akaitoa baiskeli ndogo uani, akaanza kuijaza upepo. Sipendi mumfikirie Bibi vibaya. Alikuwa amesikia maneno mengi juu ya mguu ule kuliko niliyoyasikia mimi, na mengine aliyameza ili yasinifikie.

Asubuhi yenyewe tulikusanyika karibu na Ngome. Vijana walikuwa washaanza kusukumana, kila mmoja ataka kuwa wa mbele. Maalim akapiga makofi. Akasema imamu mwema huswalisha kwa kumhurumia aliye dhaifu nyuma yake, na sisi leo tutakwenda hivyo hivyo: aliye dhaifu kuliko wote atatangulia, na hakuna ruhusa ya kumpita. Kisha akaangaza macho huku na huku, yakatua kwangu.

"Lo! Imamu wa kike!" binamu yangu Saidi akapaza sauti. Watu wakaangua kicheko.

"Saidi, wewe utakuwa wa mwisho kabisa," akasema Maalim, "na vyenye kunuka vyote utabeba wewe."

Wakacheka tena, mara hii wakimcheka Saidi. Lakini uso wangu ulikuwa umeshawaka moto. Niliona nimewekwa mbele ili nitazamwe.

Tukatoka. Kwenye barabara ya baharini, ile muiitayo leo Mama Ngina, upepo ulitupiga ubavuni, na nyuma yangu nikasikia breki zikilalamika. Si rahisi kwa mtu mzima kuendesha polepole vile. Waliyumba kama walevi, wengine wakashuka wakasukuma.

"Ewe mwana, kanyaga! Twaota mizizi huku!" akalia fundi cherehani mmoja.

"Mwache, bwana. Wewe hata ukishona suruali huwa hivyo hivyo," mwenzake akamjibu. "Yangu naingoja tangu Ramadhani."

Kule Liwatoni wavuvi walitupatia samaki, wakatiwa kapuni mwa Saidi, na maji yao yakamchuruzikia miguuni njia nzima. Sisemi kwamba nilifurahi. Nilifurahi kidogo.

Tulipokaribia kurudi mjini, mguu wa kulia ulianza kutetemeka. Mjomba akasogea ubavuni mwangu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nikupakie, mamangu?" Nikatikisa kichwa. Mbele yetu ilikuwa Ndia Kuu, barabara kubwa ya mji wa kale, wanaume wamekaa barazani na vikombe vya kahawa, na toka mbali niliona shingo zimeshageuka. Maneno ya Bibi yakanijia. Sikufikiri, nikakata kona, nikaingia kichochoro cha nyuma ambacho hakikuwamo katika njia tuliyopangiwa, nikidhani nitapita peke yangu hadi nyumbani.

Hawakuniacha. Si wamekatazwa kunipita? Kundi zima likanifuata mmoja mmoja, mipini ikikwaruza kuta, na yule mzee wa kengele akiuliza, "Tuko wapi? Mbona pananuka vitunguu vya kukaanga?"

"Hata mimi sijui," Maalim akamjibu. "Ni kufuata tu."

Mwendo ukanishinda. Nikasimama, nikatia mguu mzima chini, machozi yananilenga, na nyuma yangu msururu wote ukasimama.

Hapo dirisha likafunguliwa juu.

"Nyinyi ndio wa Zuhura?" sauti ya mwanamke ikauliza. "Ngojeni basi, msikimbie!"

Likashuka kapu kwa kamba, lile la kununulia mboga, ndani mna shuka na birika. Dirisha jingine likafunguka, na jingine, wanawake wakaitana juu kwa juu: "We Mwanaisha, uteremshe ule mto! Si huo uliochanika, huna haya wewe?" Kichochoroni mle waliishi wengi ambao wasingetoka kusimama Ndia Kuu mbele ya wanaume wale. Nikapumua. Nikasogea hadi dirisha la mbele, nikangoja, nikasogea tena. Hakuna aliyeutazama mguu wangu. Walitazama kama kapu bado lina nafasi. Hivyo ndivyo nilivyofika mwisho wa njia, nikikanyaga mwenyewe.

Kwa miaka mingi niliamini Maalim aliniweka mbele kwa kunionea huruma tu. Leo sina hakika. Siwezi kusema alijua nitakata kona, maana hata mimi sikujua, wala sikuwa shujaa; nilikuwa nakimbia macho ya watu. Lakini mwanamke ahitaji muda kuifikia shuka iliyo chini kabisa ya sanduku, na vijana wale, kama wangeachiwa, wangekuwa wameshapita kabla hajafungua kifuniko. Muda ule aliupata kwenye mwendo wangu. Huo ndio ulikuwa mchango wangu, nami sikujua kwamba nimetoa kitu.

Na Bibi pia nimemwelewa nikiwa mtu mzima. Mazoea yake yalikuwa kuniletea sahani pale nilipokaa, nisisumbuke. Jioni ile, baada ya Mjomba kumsimulia, alitandika mkeka upande wa pili wa ukumbi, akaweka sinia katikati, akaniita kama anavyowaita wengine: "Njoo ule." Nikauvuka ukumbi polepole, mguu wauma, na hakuna aliyeinuka kunishika mkono. Waliningoja mpaka nikakaa. Tulikula wali wa nazi, mchuzi wa changu na mchicha.