Mlango wa Bafu la Mama Pacha

Bwana Andika hakuingia polisi kwa kuitikia wito wa nchi. Aliingia kwa sababu ya urefu. Siku ya usaili vijana walipimwa kwa mti uliochorwa mistari, na yeye akaupita mti wenyewe. Afisa aliyekuwa akipima alimkagua kuanzia miguuni hadi kichwani kama anayekagua nguzo ya umeme, akasema, "Huyu hata akiwa mjinga, angalau ataonekana kwa mbali." Akaandikishwa.

Mjinga hakuwa, lakini ushujaa nao haukumlemea. Katika miaka thelathini na moja ya kazi alifyatua bunduki mara moja tu. Risasi ikatoboa tangi la maji la kituo, na mwizi aliyekuwa akikimbizwa akarudi kusaidia kuziba tundu, kwa huruma. Kuhusu mbio zake, wezi walisema ukifukuzwa na yule unapata nafasi ya kusimama na kufunga kamba za viatu.

Alichokuwa nacho ni kitabu. Kila kituo kina kitabu kikubwa cha matukio pale kaunta, na kila anayekuja na shida yake anatakiwa aandikwe humo. Kwa askari wengi jambo hilo linategemea viatu vya mlalamikaji. Akivaa vya kung'aa, ataandikwa na kupewa kiti. Akivaa kandambili, ataambiwa kalamu imeisha wino, arudi kesho. Bwana Andika hakutazama viatu. Mtu akifika, yeye alitamka neno moja tu, "Andika," na ndilo likawa jina lake mjini. Hata mlevi aliyekuja kuishtaki barabara aliandikwa: "Mlalamikaji anadai kupigwa usoni na barabara. Majeraha yapo. Mtuhumiwa hajakamatwa."

Kilichoandikwa hakikufutwa. Akiwa bado konstebo, mkubwa wake alimwomba anyofoe ukurasa uliokuwa na jina la mpwa wa mtu mzito. Akakataa. Akahamishwa. Huko nako akaombwa, akakataa, akahamishwa tena, mpaka masanduku yake yakawa hayafunguliwi yote, maana yangefungwa tena karibuni. Wenzake wa siku ile ya mti wakapanda vyeo. Vijana aliowafundisha namna ya kushika kalamu wakawa wanashuka kwenye magari yenye bendera, na yeye anasimama kandokando ya barabara kuwapigia saluti. Alipofika umri wa kuota mvi hadi masikioni ndipo akapewa kituo chake mwenyewe: vyumba vinne, bati lililotoboka, na mahabusu mbili, ya wanaume na ya wanawake.

Miezi minane kabla ya kustaafu ikaja barua. Jina lake limependekezwa kuwa mkuu wa polisi wa wilaya. Inspekta atatumwa siku ya Alhamisi kukagua vitabu vya kituo, na kama hakuna lalamiko lolote dhidi yake, kazi ni yake.

Alikisoma kile kikaratasi mara nne. Mara ya tano alimsomea mkewe, Mama Pacha, kwa sauti ya taarifa ya habari. Kisha akavuta kiti, akaketi kama mtu aliye kiti cha nyuma cha gari, akaangalia dirishani.

"Unafanya nini?" mkewe akauliza.

"Nasubiri dereva anifungulie."

Alikitaka cheo kile. Hakujidai kwamba anataka kutumikia wananchi zaidi. Alitaka, kabla hajazeeka kabisa, walau miezi minane ya kupigiwa saluti na wale vijana.

Sasa, mambo ya mlango. Katika mahabusu ya wanawake kulikuwa na kona ya choo na bafu, na mlango wa kona ile ulikuwa umeoza ukaanguka. Mahabusu wa kike akitaka kujisaidia alibana shuka kwa meno, huku koridoni wanapita askari, mawakili na wauza karanga. Bwana Andika aliandika barua makao makuu kuomba mlango. Ya kwanza alijibiwa, "Barua yako imepokelewa." Ya pili alijibiwa, "Rejea barua yetu." Aliandika nyingine tisa, hizo zikaliwa na kimya.

Basi Jumapili moja, Mama Pacha alipokwenda kwa dada yake, Bwana Andika alichukua bisibisi akang'oa mlango wa bafu la nyumbani kwake, akaubeba na koplo wake mpaka kituoni, wakaufunga. Mkewe aliporudi alikuta pazia la maua linapepea.

"Nimeuazima kidogo," akasema.

Kidogo hicho kikawa miezi mitatu. Mama Pacha alilalamika, akanuna, akapika bila chumvi siku mbili. Bwana Andika akala. Kisha Jumamosi, siku tano kabla ya inspekta kufika, mkwe wao, mume wa binti yao, akaja kusalimia. Alikuwa anapita kuelekea uani, Mama Pacha yuko bafuni ana povu mpaka kichwani, na upepo nao ukaona hiyo ndiyo nafasi yake. Pazia likapanda juu kama bendera ya taifa.

Mkwe hakumaliza chai yake. Hakuaga. Tangu siku ile akipiga simu, hata kwenye simu sauti yake ilisikika kama ya mtu aliyegeukia ukutani.

Jumatatu asubuhi Mama Pacha akavaa gauni la harusini, akachukua mkoba, akaenda kituoni. Kwenye benchi alikuta mzee mmoja aliyekuwa ameshaandikisha mbuzi wake aliyepotea, sasa anasubiri kuitwa na mpelelezi. Koplo alikuwa kaunta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kushtaki wizi."

"Pole sana, mama. Umeibiwa nini?"

"Mlango."

"Mlango mzima! Watu wamekosa utu. Kuna mtu unamshuku?"

"Simshuku, namjua. Yuko humo ndani, anakunywa chai."

Koplo aliweka kalamu chini taratibu, kama inayoweza kulipuka. Mlango wa ofisi ukafunguka, Bwana Andika akatokea na kikombe mkononi.

"Mama Pacha, mambo ya nyumbani si tuyamalize nyumbani?"

"Nyumbani kupi? Kwenye mlango au kwenye pazia?"

Mzee wa mbuzi akacheka mpaka akakohoa.

"Unajua Alhamisi kuna nini," Bwana Andika akasema kwa sauti ya chini.

"Najua. Na wewe unajua Jumamosi kulikuwa na nini. Mkwe wangu amenijua kuliko daktari!"

"Afande," koplo akanong'ona, "naweza kumwambia wino umeisha."

Bwana Andika akakitazama kitabu. Kilikuwa wazi, mistari mitupu inamngoja. Kumwambia mkewe arudi kesho kungechukua pumzi moja tu. Alilisikia neno "kesho" limeshafika kwenye ulimi, tena tamu. Mzee wa mbuzi alikuwa ameacha kucheka, anamtazama. Alikuwa amevaa kandambili.

"Andika," Bwana Andika akasema.

"Afande, mtuhumiwa nimwandike nani?"

"Kwani huna macho? Mwandike aliye mbele yako."

Hapo ndipo Mama Pacha aliposhtuka. Yeye alikuja kumtisha, hakuja kummaliza. Alitegemea mumewe atapiga magoti ya maneno mawili matatu, na kabla ya saa sita mlango uwe umerudi kwenye bawaba zake.

"We mwanaume," akasema, "una akili timamu? Nilitaka mlango, sikutaka cheo chako!"

"Weka sahihi hapa, mama," Bwana Andika akamwambia, kama anavyomwambia yeyote.

Akaweka.

Kwa kuwa mtuhumiwa hawezi kujipeleleza, kazi alipewa sajini, mwanamama mnene asiyecheka hovyo. Akamchukua Mama Pacha wakatambue kielelezo. Walipofika mahabusu ya wanawake na kukigonga, sauti ikatoka ndani.

"Kuna mtu!"

Sajini akaandika kwenye daftari lake: "Kielelezo kimeonekana kikiwa katika matumizi."

"Huu ni wangu," Mama Pacha akasema. "Tazama, hii mikwaruzo ndipo nilipokuwa nawapimia pacha kimo."

"Mnauchukua?" sauti ikauliza. Alikuwa fundi cherehani, aliyeletwa kwa kumpiga mteja na rula. "Ngojeni basi nimalize. Mwaka jana nilikaa mahabusu ya mji mwingine siku mbili bila kujisaidia. Nilitoka natembea kama bata."

Mama Pacha akasimama pale, kiganja kikiwa kwenye mbao. Alirudi kaunta akasema anaondoa malalamiko. Koplo akaandika, "Mlalamikaji ameondoa malalamiko." Lakini mstari wa kwanza ukabaki juu yake, na wino wake mweusi.

Alhamisi inspekta akafika. Alikuwa mmoja wa wale vijana waliofundishwa kushika kalamu. Alipekua kitabu, akafika pale, akasoma, akafunga mlango wa ofisi.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, Afande."

"Achana na afande. Hii ni nini? Wizi wa mlango?"

"Ni kweli, niliuchukua."

"Na mama ameshafuta. Sasa sikiliza, mzee. Vitabu hivi vina gundi mbovu. Ukurasa mmoja unaweza kujing'okea wenyewe. Mimi naenda kunawa mikono. Nikirudi naanza kukagua upya, kama ndiyo kwanza nafika."

Akatoka. Alikaa huko akinawa muda ambao mtu angeweza kuogesha ng'ombe. Bwana Andika aliushika ule ukurasa kwa vidole viwili. Ni kweli, gundi ilikuwa mbovu, ukurasa ulilegea wenyewe. Akaugeuza kutazama nyuma yake. Upande wa pili kulikuwa na yule mbuzi: jike, mweupe, sikio la kushoto limepasuka. Mzee alikuwa ameweka dole gumba badala ya sahihi, na alilikandamiza kwa nguvu mpaka karatasi ikabonyea.

Inspekta aliporudi alikuta kitabu kiko palepale.

"Mzee, vipi tena?"

"Nikiutoa mimi, na mbuzi wa watu anatoka."

"Mbuzi?" Inspekta akajishika kiuno. "Cheo cha wilaya, mzee, unakipoteza kwa mbuzi?"

"Si wangu huyo. Angekuwa wangu ningemtoa."

Inspekta akatikisa kichwa, akaandika ripoti yake, akaondoka bila kumaliza chai.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu, asubuhi ya siku ambayo Bwana Andika na mkewe walikwenda kwa seremala kuchukua mlango mpya wa bafu. Barua aliitia mfukoni. Wakabeba, yeye mbele na mkewe nyuma. Nusu ya njia Mama Pacha akaomba wapumzike, wakauegemeza mlango ukutani.

"Wamesemaje?" akauliza, bila kumtazama.

"Wamesema nimefanya kazi nzuri sana."

"Yaani hapana."

"Yaani hapana."

Mama Pacha akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, muda mrefu kuliko jasho lilivyohitaji. "Baba Pacha, ni mimi nilikuharibia."

"Uliibiwa ukashtaki. Ulitaka ufanye nini, uimbe?"

Upande wa pili wa barabara kinyozi alitoka kwenye banda lake, mkasi mkononi, akapaza sauti.

"Mkuu! Tulisikia unapandishwa cheo! Ndiyo cheo gani hicho cha kubeba milango?"

"Njoo uone kilivyo kizito!" Bwana Andika akamjibu. "Acha mdomo, shika huku katikati, mama amechoka."

Kinyozi akacheka, akachomeka mkasi mfukoni, akavuka barabara. Wakauinua watatu, Mama Pacha akiwaamrisha kutoka nyuma wasiukwaruze, na mkuu wa kituo akitangulia.